Kukaza bodi ya Mazda MX-5 ya kwanza: kipi kinunuliwe, kipi kiachwe

Kama pesa inatosha kifaa kimoja tu, nunua reli za kuimarisha sakafu. Usianze na ile baa inayong'aa chini ya boneti. Hilo tunalisema mapema kwa sababu wengi hununua kinyume: wanaanza na kinachoonekana boneti ikifunguliwa, wanamaliza na kinachofanya kazi, na katikati pesa imeshakwisha.

Tunazungumzia MX-5 ya kizazi cha kwanza, ile yenye taa za kuinuka, iliyooneshwa Chicago Februari 1989 na kutengenezwa hadi 1997. Japani iliuzwa kama Eunos Roadster, Marekani kama Miata. Ni gari jepesi, uzito wake ni kama tani moja, na ndiyo maana linapendwa. Lakini lililo changa kuliko yote sasa limepita miaka 25, na bodi yake haina paa la chuma la kuishikilia.

Kwa nini paa lina maana kiasi hicho? Chukua kiberiti. Droo ikiwa ndani ya ganda lake, jaribu kukisokota kwa vidole: kinagoma. Vuta droo uitoe, isokote peke yake: inalegea kama karatasi. Karatasi ni ileile na unene ni uleule, kilichobadilika ni kwamba umbo lililofungika pande zote limekuwa umbo lililo wazi juu. Gari la turubai ni ile droo. Nguvu zote zilizokuwa zinapita kwenye paa sasa zinabebwa na vizingiti viwili chini ya milango, handaki la giaboksi katikati (kile kinundu kirefu cha bati kati ya viti), na sakafu iliyopo baina yao. Kwa hiyo kifaa chochote kisichogusa sehemu hizo tatu kina kazi ndogo ya kufanya, hata kiwe kimepakwa rangi gani.

Dalili za bodi iliyolegea zinajulikana. Ukipita kwenye tuta kwa gurudumu moja, kioo cha ndani cha kutazamia nyuma kinatetemeka mpaka gari la nyuma linakuwa ukungu. Usukani unacheza juu chini bila wewe kuugusa. Fremu ya kioo cha mbele inatikisika kana kwamba ina wakati wake, na milango inagongana na vishikio vyake. Tatizo ni kwamba dalili hizihizi zinaletwa pia na bushi zilizochoka, shokapu zilizokufa na bolti za viti zilizolegea. Basi usinunue chochote kabla ya kupima.

Kupima kabla ya kununua

Simamisha gari mahali palipo tambarare, milango ifunguliwe. Chukua vijiti viwili vyembamba vya chuma au mbao ngumu, vilale kimoja juu ya kingine, uvishike na tepu isiyobana sana ili viweze kuteleza. Weka ncha moja kwenye kona ya chini ya mbele ya uwazi wa mlango, ncha nyingine kwenye kona ya juu ya nyuma, kisha piga alama ya kalamu pale vijiti vinapokutana. Fanya hivyo kwa kona zote mbili za mshazari na kwa pande zote mbili za gari. Sasa weka jeki kwenye sehemu yake halali ya mbele, kwenye ukingo wa kizingiti nyuma kidogo ya gurudumu, na uinue taratibu mpaka gurudumu hilo liache ardhi. Weka stendi ya jeki karibu kwa usalama, pima tena. Alama zikisogea, ule msogeo ndio kupinda kwa bodi yako, kwa milimita.

Andika namba. Baada ya kufunga kifaa, rudia kipimo kilekile, kona ileile, kiwango kilekile cha kuinua. Kipimo hiki hakikupi namba ya kitaalamu ya ukakamavu, lakini kinatenganisha kifaa kinachofanya kazi na kile kinachokufariji tu. Mlango uliokuwa unagoma kufunga gari likiwa juu ya jeki, halafu sasa unafunga kwa kidole, ni ushahidi kuliko tangazo lolote.

Kabla ya hapo, shughulikia vitu vya bei nafuu. Kwenye ukingo wa nyuma wa kila mlango kuna kipande cha plastiki kinachobana mlango dhidi ya nguzo unapofungwa. Kikilika, mlango unakuwa kopo linalogonga, nawe unadhani bodi imelegea. Badilisha. Kagua bushi za mikono ya juu na ya chini kwa magurudumu yote manne. Mpira uliopasuka na kutoka kwenye ganda lake hausaidiwi na chuma chochote utakachofunga chini ya sakafu.

Kutu ndiyo mwamuzi

Hapa hatutapita haraka, kwa sababu hapa ndipo pesa nyingi hupotea. Maji yanayotiririka kutoka kwenye turubai huingia kwenye mifereji miwili nyuma ya milango, moja kila upande, na kutokea chini karibu na gurudumu la nyuma. Majani na vumbi vikiziba njia hiyo, maji hujaa ndani na kuozesha kizingiti kutoka ndani kwenda nje, hasa kile kipande cha mwisho mbele ya tairi la nyuma. Nje rangi inaweza kuwa safi kabisa. Piga kwa mpini wa bisibisi ukienda polepole: bati zima linalia kwa sauti kali, bati lililooza linajibu kwa sauti nzito ya kadibodi. Penye shaka, sukuma ncha ya bisibisi kwa nguvu. Ikizama, hakuna cha kukaza hapo. Kata, choma bati jipya, ndipo urudi kwenye habari ya vifaa.

Kuna watu hufunga reli mpya juu ya sakafu iliyooza wakitumaini reli itashika. Haishiki. Bolti inavuta bati laini, tundu linapanuka, na baada ya muda kifaa kinaning'inia kikipiga kelele. Kibaya zaidi, reli mpya inaficha kutu isionekane.

Kwa walio Uingereza, ambako barabara humwagiwa chumvi wakati wa baridi, jambo hili linafika hadi kwenye MOT, ukaguzi wa lazima wa magari wa kila mwaka: kutu iliyo ndani ya sentimita 30 kutoka sehemu zinapofungwa mikanda ya viti au sasipensheni huangaliwa kwa ukali, na kizingiti cha nyuma kiko humo. Kwa walio Kenya, gari lililotumika likizidi miaka 8 haliruhusiwi kuingizwa, maana yake ni kwamba MX-5 za kizazi hiki zilizopo ndizo hizohizo. Bodi ikioza huagizi nyingine. Na aliye Mombasa, Tanga au Muscat, hewa ya bahari inafanya kazi ya chumvi ile bila kusubiri baridi.

Reli za sakafu: chaguo la kwanza

Chini ya sakafu, upande huu na huu wa handaki, kiwanda kiliweka reli mbili za bati jembamba zilizokunjwa umbo la U na kuchomewa kwenye sakafu. Zikiwa nzima zinafunga umbo na kusaidia sana. Lakini tazama gari lolote la aina hii kwa chini: mara nyingi reli zimebonyea kama kopo la soda lililokanyagwa, kwa sababu mafundi wa tairi wameweka jeki hapo mwaka baada ya mwaka. Reli iliyobonyea imepoteza kimo, na kimo ndicho kinachompa U nguvu zake. Kwa kupinda, ukipunguza kimo kwa nusu, hasara inazidi nusu kwa mbali.

Seti za kuimarisha ni mikondo ya U ya chuma kinene zaidi, kwa kawaida milimita 2 hadi 3, inayovishwa juu ya reli za kiwanda kama soksi na kufungwa kwa bolti. Flyin' Miata ya Colorado ni miongoni mwa wanaojulikana zaidi kwa kuziuza, na karakana nyingi hutengeneza zake kwa mashine ya kukunjia bati. Tofauti kati ya seti nzuri na mbaya iko kwenye mambo matatu. Kwanza urefu: reli nzuri inaanza mbele kabisa, pale sakafu inapopanda kuelekea injini, na inafika nyuma ya viti. Inayoishia katikati inahamisha tu mahali bodi inapopindia. Pili mbawa: pembeni mwa U kuwe na mbawa za sentimita 2 au zaidi zinazolala kwenye sakafu, maana humo ndimo nguvu zinamopita. Tatu matundu ya kutolea maji. Reli isiyo na matundu ni bakuli.

Ziko pia seti ambazo bolti zake hupita ubavuni mwa reli badala ya kwenye sakafu. Faida yake ni kwamba huhitaji kung'oa zulia. Hasara ni kwamba reli ya ndani ni uwazi mtupu, na bolti ikikazwa inazifinya kuta zikutane. Kama unachukua aina hii, hakikisha ina vipande vya bomba vya kuweka ndani ili bolti ikaze dhidi ya chuma, isikaze dhidi ya hewa. Seti isiyo navyo, iache.

Kufunga, hatua kwa hatua

Tenga siku mbili. Siku ya kwanza huisha kwa kusafisha tu.

Ondoa waya hasi wa betri. Kwenye gari hili betri iko kwenye buti, upande wa kulia. Toa viti vyote viwili: kila kiti kina bolti nne za kichwa cha milimita 14, na chini yake au nyuma yake kunaweza kuwa na soketi za waya za mkanda na za spika za kichwani, zitoe kabla ya kuvuta. Inua zulia. Hapa tafuta waya na kompyuta ya injini zilipo. Kwenye baadhi ya matoleo kompyuta iko chini ya zulia mahali pa miguu pa abiria. Usitoboe chochote kabla ya kujua zimepita wapi. Vivyo hivyo kwa chini: mabomba ya mafuta na ya breki yanapita karibu na reli, na biti ya drili haichagui.

Swali la gari lishikiliwe wapi ni zito kuliko linavyoonekana. Ukiinua gari kwa stendi nne kwenye vizingiti, bodi inalala katika umbo tofauti na lile la kusimama kwa magurudumu. Ukikaza bolti hapo, umeifunga bodi ikiwa imepinda, na milango itakuambia siku hiyohiyo. Njia sahihi ni gari kusimama juu ya magurudumu yake kwenye rampu nne za kimo kimoja au kwenye lifti ya kubeba magurudumu. Kama huna, tumia stendi, toboa na upachike kila kitu kikiwa kimelegea, kisha shusha gari kwenye magurudumu juu ya mbao nene ndipo ukaze. Wakati wote kagua uwazi wa milango kwa vile vijiti viwili: uwe sawa na ulivyoandika mwanzo gari likiwa chini.

Nyoosha reli za zamani. Weka kipande cha mti mgumu kama ubao wa mninga ubavuni, gonga kwa nyundo ya kilo moja kutoka upande wa pili, kidogo kidogo, mpaka U mpya iingie bila kulazimishwa. Haihitaji kuwa nzuri kwa macho. Inatakiwa tu isizuie mbawa za reli mpya kugusa sakafu. Penye pengo la zaidi ya milimita moja kati ya ubawa na sakafu, usitegemee bolti kulivuta, kwani itakunja sakafu. Gonga tena.

Kwangua lami ya chini kwa kisu cha puti na hewa ya moto, sio kwa grainda; lami inaziba diski na kuruka machoni. Fikia bati tupu kwenye njia yote ya mbawa. Safisha kwa thina, paka praima yenye zinki.

Vika reli, ishikilie kwa jeki ndogo na kipande cha mbao. Toboa kutoka chini kwa biti ya milimita 3 kupitia matundu ya reli, panda ndani uone biti imetokea wapi, kisha panua kutoka ndani hadi milimita 8.5 kwa bolti za M8, yaani za kipenyo cha milimita 8. Ukitengeneza reli mwenyewe, tundu kila sentimita 12 hadi 15 linatosha. Ondoa makali ya tundu, na hapa usiwe na haraka: paka praima kwenye ukingo wa kila tundu kwa brashi ndogo ya mtoto wa shule. Tundu lisilopakwa rangi ndilo litakaloanza kuoza.

Ndani ya gari usitumie washa za kawaida. Sakafu ni nyembamba mno, washa ndogo itazama kama kidole kwenye unga. Tumia bamba la milimita 3 lenye upana wa sentimita 3 au 4 linalopita urefu wa matundu matatu manne, au walau washa pana za nje milimita 24 na zaidi. Bolti ziwe daraja la 8.8, nati za kujifunga. Kaza kuanzia katikati kwenda nje, upande huu kisha ule, kwa mizunguko miwili: kwanza nusu, kisha Nm 25 (nyutoni mita, kipimo cha spana ya kupima mkazo) kwa M8. Zikiwa M10, karibu Nm 45. Usizidishe. Bati likianza kuzama unapokaza, simama. Umefikia mwisho wake.

Ziba kila kichwa cha bolti kwa siilanti ya poliurethani, pande zote mbili. Baada ya kilomita 500 rudi ukaze tena, maana rangi na siilanti hushuka kidogo chini ya mkazo.

Bolti, gundi au kuchomelea?

Bolti ya milimita 8 ndani ya tundu la 8.5 ina nusu milimita ya kucheza. Inashikiliwa na msuguano tu, na msuguano unashindwa pale bodi inapotetemeka kila siku kwenye barabara mbovu. Ndiyo maana seti za bolti huanza vizuri halafu baada ya mwaka mtu anasema "imerudi kama zamani". Dawa ni gundi ya epoksi ya bodi, ile ya sehemu mbili inayotumika kubandika mabati ya magari. Badala ya kupaka praima kwenye mbawa, acha bati tupu lililokwaruzwa kwa msasa wa namba 80, paka gundi pande zote mbili, vika reli, kaza bolti mpaka gundi itokee ukingoni, kisha acha gari saa 24 bila kulitikisa. Gundi inajaza kila pengo na inashika urefu mzima, sio kwenye matundu tu. Ubaya wake ni mmoja: kuitoa baadaye ni kwa moto na patasi. Kwa gari unalokusudia kubaki nalo, bolti na gundi pamoja ndiyo njia tunayoipendekeza kuliko zote.

Kuchomelea kunashinda kwa ukakamavu, lakini kunahitaji fundi wa bati hasa. Fundi aliyezoea mageti atatoboa sakafu hii. Tumia mashine ya MIG, ile ya kuchomelea kwa waya unaojilisha wenyewe, waya wa milimita 0.8, michomo mifupi ya sentimita 2 hadi 3, ukiruka nafasi ya sentimita 5, mbele kidogo kisha nyuma, kulia kisha kushoto, ili joto lisikusanyike na kuvuta sakafu. Kabla ya cheche ya kwanza: lami ya kuzuia kelele ndani ya gari iwe imekwanguliwa yote, kwa sababu inawaka na moto wake unajificha, waya za umeme na kompyuta zitolewe, tangi la mafuta, ambalo liko nyuma tu ya viti, liondolewe kama unachomelea upande wa nyuma, na mtu wa pili awe ndani ya gari na kizimamoto mkononi. Ukimaliza, nyunyiza nta ya kuzuia kutu ndani ya reli na vizingiti kupitia matundu, mpaka itiririke nje. Mchomo uliounguza rangi upande usioonekana unaoza kwa kasi kuliko bati la zamani.

Kipepeo

Baadhi ya watengenezaji huuza kiunganishi cha kuvuka kutoka reli moja hadi nyingine chini ya handaki, chenye umbo la X au mbawa za kipepeo. Handaki ni umbo lililo wazi upande wa chini. Ukilifunga kwa chini, limekuwa boksi. Kwa nadharia na kwa vitendo hiki ni kifaa cha pili kwa thamani, lakini kwa masharti: kinahitaji reli imara za kukishika. Kukifunga kwenye reli za kiwanda zilizobonyea ni kufunga mlango wa chuma kwenye ukuta wa nyasi.

Angalia mambo mawili. Bomba la moshi linapita hapohapo, na linacheza injini inapotetemeka, kwa hiyo acha walau milimita 12 kila upande. Chini ya hapo utasikia mgongano kila unapotia gia. Na kipimo cha chini ya gari: gari hili lilikuwa chini tangu kiwandani. Kama springi zimefupishwa na njia yako ina matuta ya Nairobi au Dar es Salaam, kipepeo ndicho kitakachogusa kwanza. Pima kutoka sehemu ya chini kabisa hadi ardhini watu wawili wakiwa wamekaa ndani. Chini ya sentimita 10, kiache.

Jambo la kutochanganya: lile fremu refu la alumini linalounganisha giaboksi na difu sio kifaa cha kukaza bodi. Linashikilia mfumo wa kuendesha tu. Usilikate wala kulitoboa kufungia kitu.

Vya Mazda yenyewe

Mwaka 1993, injini ilipopanda kutoka lita 1.6 hadi 1.8, Mazda iliongeza vyuma vya kukaza: vya chini mbele na nyuma, na baa inayounganisha minara ya mikanda, yaani nguzo fupi zinazoshikilia mikanda ya viti, nyuma ya viti. Kama gari lako ni la 1.6, hivi vinapatikana kwa wauzaji wa vipuri vya magari yaliyovunjwa na ni vya bei nafuu ukilinganisha na vya maduka ya vifaa vya magari ya mashindano. Ile baa ya nyuma ya viti inafungwa bila kelele na inaondoa mtikisiko wa eneo la mikanda. Hivyo vya chini vinaweza kudai vishikio ambavyo bodi za mwanzo hazina, kwa hiyo linganisha na gari lako kwa macho kabla ya kulipa. Chunguza pia kama havikupinda kwenye ajali. Weka kwenye meza ya kioo au juu ya vigae: kikibembea, hakifai.

Baa ya chini ya boneti

Baa inayounganisha vichwa vya shokapu vya mbele ina sifa nzuri kwenye magari mengi, na sababu iko wazi. Kwenye gari lenye sasipensheni ya MacPherson, ile ambayo shokapu yenyewe ndiyo inayoshika gurudumu kwa juu, kichwa cha shokapu kinabeba mzigo wa pembeni gari linapokata kona. MX-5 haina hiyo. Ina mikono miwili, wa juu na wa chini, kwa magurudumu yote manne, na mzigo wa kona unaingia kwenye fremu ndogo ya chini. Kichwa cha shokapu kinabeba mzigo wa juu chini tu. Kwa hiyo baa iliyonyooka kutoka kichwa hadi kichwa haina mengi ya kushika. Yenye pembetatu inayofika ukuta wa injini ina maana zaidi, lakini bado ni mwisho wa orodha. Pima kwa vile vijiti viwili kabla na baada, utaona msogeo wa alama ni uleule.

Fremu ya kinga na baa za milango

Fremu ya kinga nyuma ya viti inunuliwe kwa ajili ya kichwa chako; ukakamavu unaoongezeka ni ziada. Kaa kwenye kiti, weka ufito ulionyooka kutoka juu ya fremu hadi juu ya kioo cha mbele: kichwa, pamoja na kofia ngumu kama unaivaa, kiwe chini ya ufito kwa sentimita 5. Kisipokuwa hivyo, fremu hiyo ni fupi kwako. Funika bomba kwa sponji ngumu maalumu, kwani fuvu na chuma haviko mbali. Hakikisha turubai bado linakunjwa bila kuvunja dirisha la plastiki.

Ukiongeza baa za milango, zinazotoka nguzo ya mbele hadi kwenye fremu hiyo, ukakamavu unapanda kwelikweli, maana zinafuata njia ya kizingiti. Lakini kuingia na kutoka kunakuwa kazi, na mtu mwenye magoti mabovu atajuta.

Paa gumu la kutoa na kuweka nalo husaidia, likiwa limefungwa kwa vishikio vyake vyote, vya mbele, vya ubavuni na vya nyuma. Likifungwa kwa viwili vya mbele tu, linapiga kelele na halisaidii.

Povu kwenye vizingiti

Usifanye. Povu la makopo la kuzibia madirisha ni laini, linanyonya maji na kuyashikilia dhidi ya bati. Povu zito la viwandani lina ukakamavu, lakini linaziba njia za maji zilezile tulizozitaja, na siku kizingiti kitakapohitaji kuchomelewa litaungua na kutoa moshi wa sumu kali. Mafundi wengi wa bati wakikuta povu ndani ya kizingiti wanarudisha funguo.

Baada ya kufunga

Rekebisha mkao wa magurudumu upya, kwa sababu bodi iliyokaa tofauti hata kwa milimita inabadilisha pembe. Endesha wiki mbili kisha ingia chini na tochi: tafuta mistari ya kutu kwenye vichwa vya bolti, rangi iliyopasuka kwenye kingo za mbawa, na alama za kung'aa mahali vyuma viwili vinasuguana. Alama ya kung'aa maana yake pana mchezo hapo, kaza au weka gundi.

Na isipokuwa mtengenezaji ameandika wazi kwamba reli zake zinabeba jeki, reli mpya nazo si mahali pa jeki. Mbele jeki huwekwa kwenye fremu ndogo katikati, nyuma chini ya difu, na stendi kwenye alama za vizingiti. Bandika karatasi yenye mchoro wa sehemu hizo kwenye buti, kando ya tairi la akiba, na umwoneshe fundi wa tairi kabla hajapiga magoti.